Äskhult: kijiji ambacho hakikutawanywa

Niko Göteborg, Uswidi, mwaka wa sita sasa, na mgeni akija nampeleka bandarini, halafu madukani, basi. Safari hii alikuja mama mkubwa kutoka Dodoma, akaniambia wazi: "Mwanangu, maghorofa nimeyaona Dar. Nionyeshe wakulima wao waliishije." Nikampeleka Äskhult, manispaa ya Kungsbacka, chini ya saa moja kwa gari.

Ni kaya nne tu, zimebanana, nyumba za mbao ambazo hazijapakwa rangi mpaka zimekuwa kijivu. Ule wekundu wa nyumba za Waswidi tunaouona kwenye kadi za posta ulienea vijijini baadaye. Mlangoni mama mkubwa aliinama mwenyewe bila kuambiwa. Mimi nikajitia mrefu nikagonga paji la uso. Ndani kuna giza, dirisha dogo, na jiko la mawe lenye masizi. Akalipapasa: "Kumbe na wao kuni."

Lakini utamu wa Äskhult uko nje. Zamani vipande vya mashamba vya kaya hizi vilichanganyikana, kwa hiyo kupanda na kuvuna ilibidi waende pamoja. Mwaka 1827 ikatoka sheria ya kumkusanyia kila mkulima ardhi yake mahali pamoja. Sehemu nyingi za nchi watu wakabomoa nyumba zao za magogo, wakazisimika upya mbali na majirani. Hapa nyumba zilibaki pale pale.

Nilipomfafanulia, mama mkubwa alicheka hadi akakaa kwenye ukuta wa mawe. Miaka ya 70 yeye na wazazi wake walihamishiwa kijiji cha Ujamaa. "Yaani sisi tulikusanywa, hawa wakatawanywa! Serikali haina raha ukikaa ulipo."

Jambo jingine nililolipenda ni msemo wa Waswidi kwamba uwanda wa nyasi ni mama wa shamba. Nyasi zikikatwa kiangazi, ng'ombe wanakula majira yote ya baridi wakiwa bandani. Samadi yao ndiyo inayolisha shamba. Nyasi zikikosekana, mifugo inapungua, na mavuno ya mwaka ujao yanapungua nayo. Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Watoto wangu walichoka baada ya nusu saa, wakachangamka walipoanza kupanda kuta za mawe. Nenda kiangazi, vaa viatu vinavyostahimili nyasi mbichi, na beba chai yako kwenye chupa. Ukitegemea basi, angalia ratiba mapema. Ni shamba kwelikweli.

Mkazi wa mwisho aliondoka mwaka 1964. Mama mkubwa aliuliza mara tatu kama aliondoka kwa hiari. Jioni alituma picha moja tu kwenye grupu la familia, nayo si ya nyumba wala ya mandhari. Ni ya banda la ng'ombe.