Kunyoa miguu au kuiacha? Swali la waendesha baiskeli

Jumamosi alfajiri, kwenye Southern Bypass, barabara ya pembezoni mwa Nairobi, utawaona waendesha baiskeli wanaume wenye miguu laini inayong'aa kwa mafuta, na wenzao wenye nywele zao kama kawaida.

Kwa upepo, aliyenyoa yuko mbele. Mwaka 2014 kampuni ya baiskeli ya Specialized ya Marekani ilipima waendeshaji wachache ikakadiria kwamba wakinyoa miguu wanaokoa sekunde 50 hadi 82 kwa kilomita 40. Lakini wewe unayekwenda kazini Westlands, katikati ya foleni ya matatu, sekunde hizo utazipeleka wapi?

Kilichonigeuza mimi ni kuanguka. Niliteleza kwenye kokoto njia ya Ngong, goti likachubuka, mchanga na damu vikagandia nyweleni. Nesi alisugua, nikauma meno. Siku ya kubandua plasta ndiyo nililia. Mguu ulionyolewa husafishwa upesi, na hata kukandwa misuli hakuvuti nywele.

Kuacha nako kuna raha: hakuna kuwashwa siku ya tatu, wala shemeji kukuhoji sebuleni. Nywele zetu za kujikunja hurudi ndani ya ngozi zikaleta vipele, basi ukinyoa, wembe uwe mpya.

Mimi hunyoa msimu wa mashindano tu. Julai naziacha, baridi ya Nairobi mnaijua.