Toroli la kupima nyufa za reli: miezi 14 ya kulisukuma

Kabla ya toroli hili nilikuwa nakagua njia kwa macho, kioo kidogo cha mkononi na nyundo. Nyundo ilinipa sifa nisizostahili. Reli iliyokwisha pasuka ukiigonga inalia kama chungu kibovu, hilo hata mtoto atalisikia. Ufa unaoanza ndani ya kichwa cha reli, milimita chache chini ya ule uso unaong'aa, hausemi kitu kwa nyundo.

Jina la kiwanda silitaji. Matoroli ya aina hii yanafanana sana. Linapanda reli moja, unalisukuma ukitembea, tangi la maji juu, skrini mbele yako, vihisi chini vikiteleza juu ya chuma, vikituma sauti ndani ya reli na kusikiliza mwangwi wake. Maji si pambo: hewa kidogo tu ikikaa kati ya kihisi na reli, mawimbi ya sauti yanagota hapohapo. Kihisi cha nyuzi 0 kinatazama chini moja kwa moja mpaka kwenye kitako cha reli. Cha nyuzi 37 kinafuatilia nyufa za matundu ya bolti. Cha nyuzi 70 ndicho kilichonifanya nilitake toroli hili, kwa sababu kinauwahi ule ufa unaokata kichwa cha reli kwa upana.

Ufa huo hauletwi na treni moja nzito. Gurudumu linagusa reli mahali padogo kama sarafu, na tani zote zinapita hapo, linakandamiza, linaachia, linakuja jingine. Chuma kinachoka. Palipo na kitakataka au hidrojeni iliyonaswa tangu kiwandani, ufa unazaliwa, kisha unaongezeka unywele kwa unywele. Ukiikata reli hiyo na kuifungua utaona doa laini lenye umbo la figo, lina miduara kama ya shina la mti, na pembeni yake chuma cha kawaida chenye chengachenga. Doa la namna hiyo ndilo lililovunja reli huko Manchester, jimbo la New York, mwaka 1911, watu 29 wakafa. Behewa la kwanza la kampuni ya Sperry ya Marekani la kutafuta nyufa za ndani lilianza kazi 1928.

Kwa kazi hiyo toroli ni hodari. Mwangwi unatokea wazi, kina kinasomeka, betri inatosha zamu nzima.

Sasa lawama. Mwezi wa tatu nilikuwa kwenye kona, reli ya nje, ambayo ukingo wake wa ndani ulikuwa umejaa nyufa ndogondogo kama magamba ya samaki. Nyuzi 70 kimya. Skrini kijani. Nilikuwa karibu kuandika "safi", nikaona mwangwi wa kitako umepotea. Nikafuta uso, nikaongeza maji, nikarudi nyuma mita mbili na kupita tena. Bado haupo. Yaani sauti haikufika chini kabisa. Magamba ya juu yaliizuia, na lolote lililokuwa chini yake lilikuwa kivulini. Nikaandika "haikupimika", neno ambalo bosi wangu halipendi hata kidogo. Uso uliposagwa na nikapima upya, nyuzi 70 ikapiga kelele. Reli ile ilitolewa.

Kinachoniudhi ni kwamba kengele ya kupotea kwa mwangwi wa kitako ilikuja imezimwa. Mashine haikuona kitu, ikaonyesha kijani! Magamba ya ukingo wa ndani ndiyo yaliyoivunja reli Hatfield, Uingereza, tarehe 17 Oktoba 2000, vipande zaidi ya 300, watu wanne wakafariki. Nyufa zile zilikuwa zinajulikana, na reli mpya ilikwisha fikishwa kando ya njia. Toroli haliwezi kukusaidia reli mpya ikilala kando bila kufungwa, lakini kuyagundua magamba lisingepaswa kuniachia mimi na macho yangu.

Mpini ni mfupi kwa mtu mrefu. Tangi linaisha haraka jua likiwaka, beba dumu la akiba.

Nyota nne. Ukilipokea, kabla hujaligusisha reli, ingia kwenye mipangilio ya kihisi cha nyuzi 0 uiwashe hiyo kengele, halafu uhakikishe imebaki imewashwa kila unapobadilisha betri. Langu huwa linasahau.