Darasa la mzazi na mtoto hapa Louisville: uzoefu wangu

Naandika kwa ajili ya wazazi wenzangu mlioko Kentucky, hasa sisi tuliopitia Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi ya Tanzania, maana hakuna Jumapili ninayotoka kanisani bila mtu kuniuliza kama haya madarasa ya familia yana faida au ni kupotezeana muda tu. Jibu langu: nendeni. Ila mjue mnachoendea.

Mtoto anasoma na walimu wake. Mzazi yuko chumba kingine, anajifunza Kiingereza au anajiandaa kwa GED, mtihani wa cheti kinacholingana na cha kumaliza sekondari. Kuna kipindi cha wazazi kuzungumzia malezi na mambo ya shule, halafu kuna muda wa mzazi na mtoto pamoja, ambao walimu huuita PACT (Parent and Child Together). Mtindo huu wa sehemu nne ulizaliwa hapa hapa Kentucky miaka ya 1980, na kituo cha kitaifa kinachoueneza, National Center for Families Learning, kilianzishwa Louisville mwaka 1989. Serikali kuu nayo ilikuwa na mfuko wake, Even Start, lakini bajeti yake ilifutwa mwaka 2011. Kwa hiyo msishangae shule moja kuwa na darasa na ya jirani kukosa.

Darasa la Kiingereza la wazazi ni la wastani. Aliyemaliza sekondari anakaa na asiyewahi kushika kalamu, na mwalimu ni mmoja. Mwenye haraka atachoka.

Kilichonifanya nibaki ni PACT. Sheria yake ni kwamba mtoto anachagua mchezo, mzazi anafuata. Kwetu hilo ni gumu, jamani. Mtu mzima aketi sakafuni achezee udongo? Mwanzoni akina baba walisimama ukutani, mikono mfukoni, kama watu wanaosubiri basi. Binti yangu yeye alichukua ule udongo laini wa rangi, akausonga, akaumega, akanipa tonge. Tulikuwa tumeshaambiwa tusigeuze mchezo kuwa mtihani, basi sikumuuliza matonge ni mangapi. Nikala. Nikamwambia, "Mama, mboga iko wapi?" Akatafuta karatasi ya kijani, akaichanachana: sombe, yale majani ya muhogo. Hapo akaanza kunieleza bibi yake anavyotwanga, anavyomfukuza jikoni, anavyoonja chumvi, yote kwa Kiswahili, maelezo marefu ambayo nyumbani hanipi hata nikimbembeleza. Mwalimu akaniomba nimtajie herufi, akaandika SOMBE kwenye kikaratasi, akakibandika kwenye ile sahani. Mtoto alilisoma neno lile njia nzima ya kurudi.

Kitabu nacho kinasomwa hivyo hivyo. Hukimbilii kumaliza. Unasimama kwenye picha, unauliza, "Unadhani sasa atafanya nini?" kisha unanyamaza umsubiri. Kuna bibi mmoja pale hajui kusoma kabisa, na kwa picha tu anamteka mjukuu wake kuliko mimi ninayesoma kila neno. Akisema "Hadithi, hadithi!" hata watoto wa Guatemala wanaitikia "Hadithi njoo!" Wenye hofu kwamba Kiswahili kitamchelewesha mtoto Kiingereza, walimu wenyewe ndio wanaosisitiza tusome na kuzungumza kwa lugha tunayoimudu.

Sasa kero. Shule tuliyopata sisi, jina naliacha, ilikuwa na kabati zima la vitabu vya Kihispania na hata kimoja cha Kiswahili hakuna. Niliingia tovuti ya African Storybook, ya Afrika Kusini, ambako kuna hadithi nyingi za Kiswahili za bure, nikazichapisha maktaba ya mtaa na kuzibana kwa pini. Zimeshakunjamana kwa kusomwa. Kero ya pili ni saa: darasa ni asubuhi, na wengi wetu tunatoka shifti ya usiku. Nimeona mama akisinzia huku mtoto anamfungulia kurasa. Ya tatu ni watoto wachanga. Walituambia "familia", kumbe aliye chini ya miaka mitatu hana nafasi, na wenye mtoto mgongoni wakaacha mmoja mmoja.

Mlioko Tennessee mna ahueni kwa upande wa vitabu. Dada yangu Nashville hupokea kitabu cha mpango wa mwanamuziki Dolly Parton, kimoja kila mwezi kwa posta, chenye jina la mtoto, bila malipo hadi mtoto atimize miaka 5. Yule mama alianza mwaka 1995 kwa watoto wa kaunti yao, Sevier, akimkumbuka baba yake ambaye hakujua kusoma. Majimbo mengine ulizeni kama mtaa wenu umo. Lakini kitabu cha posta hakikuketishi sakafuni na mwanao, kwa hiyo kwangu hakichukui nafasi ya darasa.

Kabla ya kujiandikisha, ulizeni mambo matatu: mtoto mdogo atakaa wapi, mkalimani yupo mwenyewe au ni wa simu, na PACT ni kila siku au mara moja kwa wiki. Wakisema PACT hawana, hilo ni darasa la Kiingereza tu, na ya namna hiyo yapo ya jioni, karibu na nyumbani.