Debe la tele pale Kibuye

Nauza nyoyo, yaani mchanganyiko wa mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwa hiyo mahindi na maharagwe ndiyo riziki yangu, na nimepunjwa kwa madebe ya kila aina. Yule niliyekuwa nikinunua kwake zamani, debe lake lilibonyezwa kitako kikaingia ndani. Ukilitazama kwa juu ni debe, ukifika nyumbani ni kilo 14. Jumapili iliyopita nikahamia kwa mama mmoja soko la Kibuye, Kisumu, upande wa nafaka, mwenye mwavuli wa kijani uliopasuka.

Kabla hata sijasema neno alinipindulia debe nione kitako. Akamimina mahindi, akalipiga ubavuni kwa kiganja mara mbili, punje zikashuka, akajaza tena mpaka kikasimama kichuguu. Zilizoporomoka akaziokota akazirudisha. Watu wa Pwani walikuwa na majina ya mambo haya: kibaba cha mfuto ni kile kilichosawazishwa na ukingo, cha tele ni chenye kilima. Mama huyu anauza tele. Nilipima nyumbani nikapata kilo 16 na robo.

Nilipomshukuru akacheka. "Nyathina, mwanangu, nikikupunja leo, kesho nani atanipigia debe?"

Basi nampigia. Ila njiani neno lenyewe lilinikaa kichwani. Stendi kuna wapiga debe, wanasiasa nao hupigiwa debe miezi kadhaa, kisha tunaambiwa tukutane debeni, kwenye kura. Mzizi wake uko India: dabba, chombo chenye kifuniko, kama vile ambavyo watu wa Mumbai hupelekewa chakula cha mchana maofisini. Huku kwetu likang'ang'ania bati la mafuta ya taa la galani 4, yaani lita 18 na kidogo. Mafuta yakiisha, bati likawa ndoo ya maji, likawa kipimo cha mahindi, na likikunjuliwa likawa ukuta wa nyumba. Madebe mengi ninayoyaona sokoni sasa ni ya mafuta ya kupikia, lita 20. Ndiyo maana debe la huyu na la yule linaweza kupishana hata pasipo na mwizi. Ukiuliza bei peke yake, bado hujauliza kitu.

Maharagwe yake hayakunifurahisha. Rosikoko ilikuwa na vijiwe, nikachambua saa nzima huku sufuria ikinisubiri. Gorogoro lake, kopo la kupimia lililo dogo kuliko debe, nalo limepinda mdomo, kwa hiyo ukitaka kidogo kidogo mwambie apimie lile jipya analolifunika kwa leso.

Nenda mapema, kabla jua halijapanda, na ubebe gunia lako. Ya kwake anauza shilingi 50 na aliloniuzia lilikuwa na tundu. Nimeacha mahindi kutoka Kibuye hadi Kondele.