Uzoefu wangu na Life is Strange: kumtafuta Rachel Amber

Gemu hili lilitoka mwaka 2015 kwa vipande vitano, mimi nimelicheza kwenye kompyuta likiwa tayari la zamani. Nasema mapema asije mtu akalinunua akidhani ni la risasi: humu unatembea, unapekua madroo, unasoma karatasi za watu na kuchagua la kujibu. Waliolitengeneza ni Dontnod wa Ufaransa, lakini kisa kiko Oregon, Marekani, kwenye mji wa kubuni wa Arcadia Bay.

Unamwongoza Max, mwanafunzi wa upigaji picha wa miaka 18 anayejikuta anaweza kurudisha muda nyuma. Kwangu, mwenye kisa hasa ni Chloe, rafiki yake wa utotoni. Baba yake alikufa kwa ajali ya gari, Max akahama na kumnyamazia miaka 5, shule imemfukuza, hawapikiki chungu kimoja na baba wa kambo, na anadaiwa na muuza dawa za kulevya. Juu ya hayo Rachel Amber, waliyesoma shule moja na aliyekuwa kila kitu kwake, ametoweka miezi 6. Chloe amebandika picha zake shule nzima, watu wanazipita kama tangazo la mganga kwenye nguzo ya umeme.

Hapo ndipo gemu liliponishika. Huyu binti ana mdomo mchafu, anaiba, anakasirika ukipokea simu ya mtu mwingine mbele yake. Kuna nyakati nilitamani kumwacha stendi. Lakini ndiye pekee anayemtafuta Rachel, na ukimya wa watu wazima unakufanya uelewe hasira zake.

Upelelezi wenyewe unanoga sehemu ya nne. Mnabandika ushahidi ukutani chumbani kwa Chloe: mafaili ya baba wa kambo, simu ya mtoto wa tajiri wa mji, daftari la muuza dawa lenye majina ya kificho ya wateja. Unaoanisha kipande na kipande mwenyewe, na gemu halikuharakishi. Wanachokikuta mwishoni mwa sehemu hiyo sitakieleza, nisiwamalizie uhondo. Niseme tu sauti ya Ashly Burch, anayeigiza Chloe, inatisha pale. Nilizima, nikarudi siku nyingine.

Ila kilichonivutia kuliko yote kiko sehemu ya pili. Kate, binti mlokole anayedhihakiwa kwa video iliyosambazwa, yuko juu ya paa la bweni. Ghafla uwezo wa kurudisha muda unagoma. Umezoea kukosea na kufuta, sasa neno likitoka limetoka. Kinachokusaidia ni ulichokiona ulipoingia chumbani kwake: nani kwao anampenda, na mstari upi wa Biblia anaushikilia (ni Mathayo 11:28, ule wa msumbukao na wenye kulemewa na mizigo). Kama ulipita chumba kile mbiombio, shauri yako.

Kasoro zipo. Kutafuta chupa tano kwenye uwanja wa mabati chakavu ni kazi ya kumwonea mtu, midomo ya wahusika haiendani na maneno, na misimu ya vijana imezidishwa hadi inachosha. Kiswahili hakuna, na bila kufuata mazungumzo utabaki unabonyeza tu. Wazazi wajue kuna kujiua, dawa za kulevya na matusi. Mdogo wangu wa darasa la saba simpi.

Mwisho nao umenigawa. Baada ya maamuzi yote yale unabakiziwa chaguo moja kati ya mawili, na mengi uliyoyahangaikia yanakosa uzito. Wapo wanaousifu, mimi nilihisi nimedhulumiwa kidogo. Hata hivyo tangu 2016 sehemu ya kwanza imekuwa ikitolewa bure, kwa hiyo anza nayo kabla hujatoa hela. Usipompenda Chloe hapo, hutampenda baadaye.