Bushi iliyoandikwa 0.334: uzoefu wangu

Dai yenyewe, yaani kifaa cha kujazia risasi kiitwacho die kwa Kiingereza, sina neno nayo. Ni ile ya kubana shingo ya ganda kwa bushi, yaani pete ya ndani inayobadilishwa, na yeyote anayejaza upya risasi za .308 Winchester hapa Marekani anajua kwa nini watu huikimbilia: unapima shingo ya risasi iliyokwisha kujazwa, unapunguza sehemu mbili za elfu za inchi, unachukua bushi ya kipimo hicho, na kila ganda linakishika kichwa cha risasi kwa mbano uleule. Shingo zangu zilikuwa inchi 0.336, hivyo nikanunua bushi ya 0.334.

Shingo zilitoka na 0.331. Kwanza niliyashuku maganda, kwa kuwa shaba iliyotumika mara nyingi bila kupashwa moto huwa ngumu. Lakini shaba ngumu ikibanwa hutanuka kurudi ilikotoka, haizidi kusinyaa, na maganda mapya nayo yalitoka vilevile. Vichwa viliingia kwa shida, mkono wa mashine ukigoma katikati, na mdomoni mwa ganda kukabaki unyuzi mwembamba wa shaba nyekundu uliokwanguliwa.

Hayo ningeyasamehe, maana kiwandani kuna kukosea. Nisiyemsamehe ni muuzaji. Nilimpelekea bushi, maganda na maikromita yangu, nikamwomba apime mwenyewe, naye hata mkono hakunyoosha. Aliniuliza mbele ya wateja wengine kama huko nilikotoka watu hufundishwa kusoma inchi, kisha akanionyesha karatasi ukutani isemayo kwamba bushi ikishafunguliwa hairudishwi. Sasa bushi mbovu utaijuaje bila kuifungua?

Nilikusudia kuipa dai hii nyota nne. Nikilikumbuka lile swali naona hata mbili ni nyingi, ingawa sina budi kusema kwamba bushi ya 0.335 niliyoazima kwa jirani, ya kiwanda hichohicho, ilitoa kipimo chake barabara. Basi inunueni, ila si dukani pale. Au msiinunue kabisa, kwani bushi, hata iliyo nzima, huusukumia ndani unene usiolingana wa shingo, pale hasa kichwa kinaposhikwa. Mimi sasa napitisha mandreli ya 0.306 inayotanua shingo kutoka ndani, nayo kwa kazi hiyo huitaka shingo iliyobanwa kupita kiasi, yaani bushi yangu mbovu ndiyo inayoifaa. Hata hivyo, hela yangu bado naidai.