Breki za gari la spoti kwa ajili ya traki: uanze kununua nini

Mtu akisema anataka kuboresha breki za kwenda kukimbiza gari traki, yaani uwanja wa mbio za magari, kitu cha kwanza anachotafuta ni kalipa kubwa nyekundu, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, maana ndo inayoonekana nyuma ya rimu. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo, mpaka siku moja kwenye mzunguko kama wa tano nafika mwisho wa sehemu ndefu iliyonyooka, nakanyaga, pedeli inazama tu kama nimekanyaga godoro, nikaipampu haraka haraka mara tatu ndo ikashika kidogo, huku gari lishaingia kwenye kokoto. Kuja kukagua, pedi nene, diski nzima, kalipa haina shida yoyote. Oili ya breki ndo iliyochemka, kitu cha bei rahisi kuliko vyote.

Ujue breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto, na spidi ikiongezeka mara mbili joto linakuwa mara nne, yaani kusimamisha gari kutoka kilomita 200 kwa saa ni kazi mara nne ya kulisimamisha kutoka 100. Barabarani ukifunga breki moja nzito unaenda zako inapoa, traki unafunga kila kona dakika ishirini mfululizo. Na kama breki ulizonazo zinaweza kuamsha ABS (ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge) saa yoyote, basi kinachokuzuia kusimama mapema zaidi ni tairi, kalipa kubwa haitakuongezea kitu kwenye breki ya kwanza. Itakusaidia ile ya hamsini. Kwa hiyo mpangilio wangu unafuata kinachoshindwa joto kwanza.

Namba moja, oili. DOT 4 ya kawaida (DOT ni daraja la oili ya breki) inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230 ikiwa mpya, ila ikishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 155, na inanyonya kweli, hata gari likiwa limepaki tu. Ikichemka inatoa mapovu ya mvuke, na mvuke unabonyezeka, ndo maana pedeli inazama. Oili za mashindano kama Motul RBF 600 zikiwa mpya zinavuka nyuzi 300. Castrol SRF bei yake inauma lakini sifa yake kubwa ni kwamba hata ikishanyonya maji bado inavumilia vizuri, kwa mtu anayeenda traki mara kwa mara inajilipa. Mwambie fundi ablidi, yaani aitoe oili pamoja na hewa kwenye mabomba, mpaka oili ya zamani iishe yote, asiongezee juu. Na DOT 5 usiiguse, ile ni silikoni, haichanganyiki na hizi nyingine kabisa, usidanganyike ukadhani ni ndugu yake DOT 5.1.

Namba mbili, pedi. Hapa ndo utasikia tofauti kubwa kuliko sehemu yoyote ile. Pedi za barabarani zikipitiliza joto lake pedeli inabaki ngumu kabisa ila gari halisimami, na hii ndo njia ya kujua tatizo liko wapi: pedeli ikizama ni oili, pedeli ikiwa ngumu na gari linaendelea tu ni pedi. Kwa anayeanza na bado anaenda kazini na gari hilo hilo, Ferodo DS2500 ni ya katikati, inashika hata ikiwa baridi. Ukishaanza kukimbia kweli kweli nenda Pagid RS29 au zinazofanana nazo, ila zitapiga kelele kama basi bovu, vumbi lake linang'ang'ania rimu, na asubuhi zikiwa baridi kuna zinazoshika kwa uvivu. Usifunge kali nyuma halafu mbele ukaacha za kiwandani, mkia utakupita. Na pedi mpya lazima zizoeshwe na diski: unafunga breki nzito kadhaa bila kusimama kabisa, kisha unaendesha taratibu zipoe, usipofanya hivyo zinajipaka kwenye diski kwa mabaka mabaka afu usukani unatetemeka unaanza kusema diski imepinda.

Tatu, hewa. Wengi wanairuka hii na mimi naiweka juu ya diski kabisa. Bomba la kuleta upepo kutoka bampa ya mbele mpaka kwenye diski ni kazi ya mchana mmoja, cha muhimu upepo uingie katikati ya diski ili ile mifereji ya ndani iusukume nje. Ukiupuliza upande mmoja tu, upande mmoja unapoa na mwingine unaungua, nyufa hizo zinakuja.

Nne ndo diski zenyewe. Zenye matundu ni nzuri kwa picha, traki nyufa huanzia pale pale kwenye matundu. Chukua za kawaida zenye mifereji ya hewa ndani, au zenye mikato juu kama unapenda. Za vipande viwili, chuma pembeni na alumini katikati, ni nyepesi na zinatanuka bila kujikunja, ila bei ndo hiyo.

Mipira ya breki iliyosukwa kwa waya wa chuma naiweka ya tano. Pedeli inakuwa imara chini ya mguu, basi, haipozi chochote. Badilisha siku unayobadilisha oili uwe umemaliza.

Sita ndo hizo kalipa kubwa, Brembo, AP Racing na wenzao. Zina faida ya kweli: diski nene inameza joto zaidi, pedi nene zinadumu. Ila nunua seti iliyotengenezwa kwa gari lako, maana ukubwa wa pistoni usipoendana na masta silinda (pampu inayosukumwa na pedeli) pedeli inakuwa ndefu, na uwiano wa mbele na nyuma unavurugika. Pima na rimu kwanza, kuna watu wamefungua boksi ndo wanagundua gurudumu haliingii.

Diski za kaboni seramiki naziweka mwisho. Porsche walizileta kwenye 911 GT2 mwaka 2001 na ni nyepesi ajabu, lakini seti ikiisha bei yake utalia, ndo maana kuna wenye magari yaliyokuja nazo wanafunga diski za chuma kwa ajili ya traki na zile za asili wanazifunika vizuri stoo mpaka siku ya kuuza gari.

Ah, na ukiingia kupaki baada ya kukimbia usivute hendibreki diski zikiwa za moto. Acha gari kwenye gia, weka jiwe.